Chembe Saba

Chembe saba, walisema, zilichokolewa
kwenye mfereji wa soli ya kiatu cha kushoto
cha Mumbere Vahwere, mlinzi wa usiku pale depo ya mbao.
Zikatiwa bahasha, bahasha ikapanda ndege,
ikarudi baada ya miezi mitano ikiwa na mtu:
mtaalamu, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni,
na picha kubwa ya chembe moja
nyeusi, yenye vitundu kama mkate wa jana.

Mimi ndiye niliyesimama kati yao.
Miaka kumi na tisa nafasiri mahakamani Goma,
Kifaransa kikiingia sikio la kulia,
Kiswahili kikitoka mdomoni kabla hakijapoa.
Nimefasiri talaka, mipaka ya viwanja, mbuzi.
Kilio sikufasiri. Nilisema tu: shahidi analia.

Mtaalamu hakudanganya. Niliweke hilo wazi.
Alisema chembe za kiatuni na za uani kwa marehemu
ni kompatible.
Alilitamka taratibu, kama avukaye daraja la ubao mmoja,
kisha akaongeza jambo juu ya sampuli,
kwamba zilikuwa mbili tu,
kwamba bahasha moja ilifika imefunguka,
lakini jenereta ya jirani ikanguruma,
rais wa mahakama akatazama saa, akanigeukia:
"Mwambie mshtakiwa."

Nikamwambia:
"Anasema ni zile zile."

Maneno mepesi. Ukumbi ukashusha pumzi.
Ndugu wa marehemu, yule kambista wa Birere
aliyekutwa chini ya meza yake, noti hazipo,
wakaitikia kwa vichwa kama watu waliorudishiwa chenji.
Wakili wa serikali alikuwa bado anatafuta ukurasa.

Goma! Nani kwetu hajaukanyaga mlima?
Uliteremka wenyewe, ukaingia sokoni bila hodi,
ukalala vitandani mwetu mpaka ukapoa,
nasi tukajenga mgongoni mwake, kwa mawe yake,
kuta, vyoo, makanisa,
na ngazi za mahakama ile ile.

Jioni nilivua viatu mlangoni,
nikavipindua juu ya gazeti, nikagonga.
Zikaanguka chembe kumi na moja.
Nyeusi. Zenye vitundu.
Kanyere, mke wangu, alidhani nimerukwa na akili.
Nikagonga vya kwake. Nikagonga vya mtoto.
Nikagonga kandambili za mgeni aliyefika jana kutoka Sake.
Nyumba nzima tulikuwa na hatia.

Asubuhi nilikwenda kwa karani. Faili limefungwa, akasema,
akanionyesha na fundo la uzi.
Miaka kumi na mitano, na uzi wenyewe wa kushonea magunia.

Siku hizi Jumamosi napeleka maharage gerezani.
Vahwere hula bila kunitazama.
Juma lililopita aliweka kijiko chini:
"Mkalimani. Yule bwana wa kalamu mbili alisema nini hasa?
Usiku ule mimi nililala kazini, kosa langu ni hilo.
Lakini yeye alisema nini?"

Nikajaribu. Zinafanana, nikasema. Akasubiri.
Haikataliki, nikasema. Akasubiri.
Nikasema: ni kama mtu aseme
muuaji anaitwa Mumbere.

Akacheka, mara ya kwanza tangu hukumu.
"Mumbere! Kila nyumba ya Wanande ina Mumbere.
Kifungua mimba akiwa mvulana, basi ni Mumbere!
Humu selo tuko sita!"

Ndiyo, nikasema. Hivyo ndivyo alivyosema.

Kicheko kikakatika polepole,
kama maji ya bomba yakikaribia kwisha.
Akanitazama.
"Na wewe," akasema, "uliniambia nini?"

Askari akagonga bati: muda.
Nikachukua sufuria yangu.
Ilikuwa bado nzito, maharage yamebaki nusu.